Safari ya Dar es Salaam, na Chungu cha Asiye na Wakati

Mji wa Dar es Salaam huamka kabla ya jogoo. Mtu atokaye Tanga, mji wa baiskeli na wa watu waendao kwa utaratibu wao, hustaajabishwa na jambo hilo kuliko majumba marefu ya Posta. Saa kumi na nusu za alfajiri, kabla muadhini hajaanza adhana, barabara ya Morogoro imekwisha kujaa taa za magari, na kando ya njia majiko ya mkaa yamekwisha kuwashwa. Hapa pana karai la vitumbua, pale pana chapati, mbele kidogo pana sufuria ya supu itokayo mvuke. Mji huu hula njiani, hula kwa haraka, kisha hula tena usiku sana.

Ndugu wasomaji, sikusudii kuwasimulia majumba wala bandari, kwani hayo yamekwisha kusimuliwa na wengi. Nakusudia kueleza habari ya chungu. Yaani jinsi mzazi mwenye kazi ya kutwa katika mji kama huu awezavyo kula akashiba barabara bila ya kuutwika mwili wake mzigo usiouhitaji. Jambo hili niliona kwa macho yangu nyumbani kwa binti ya marehemu kaka yangu, nilipokaa kwake siku tano, nami naona lafaa kusomwa katika nyumba nyingi, za Dar es Salaam na za kwingineko.

Toka Tanga hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita kama 350. Basi hupita Muheza, ambako machungwa hupangwa kwa mafungu kando ya njia, kisha Hale na Segera, ambapo njia ya Moshi na Arusha huachana na ya Dar es Salaam. Halafu Kabuku, Mkata, mto Wami, Msata, Lugoba na Chalinze. Kila basi lisimamapo, dirisha hugeuka duka. Huingizwa korosho, biskuti, soda, ndizi za kukaanga, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha. Abiria aliyekaa karibu nami alikula tangu Muheza mpaka Kibaha, wala sidhani kama alikuwa na njaa. Alikuwa hana kazi nyingine ya mikono. Mimi nilinunua machungwa matano na mayai mawili, yakanitosha mpaka jioni. Machungwa na mayai hayo nayataja kwa sababu, kama itakavyoonekana mbele.

Tuliteremka katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, nami nikapokewa na mwanangu yule. "Shikamoo, ami." "Marahaba, mwanangu." Ana watoto watatu: mmoja wa miaka kumi na miwili, mmoja wa tisa, na mmoja wa minne. Mumewe ni dereva wa lori la masafa, aghalabu yuko njiani kwenda Tunduma au anarudi. Yeye mwenyewe hufanya kazi ya hesabu katika ofisi moja karibu na Kivukoni. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na kurejea saa moja na nusu usiku. Basi mtu wa namna hii atapika saa ngapi?

Wala hapiki ili apendeze tu. Mama yake, mke wa kaka yangu, aliugua ugonjwa wa sukari miaka mingi, akakatwa mguu chini ya goti. Mtoto huyu ndiye aliyemuuguza. Mwezi wa tano kabla ya safari yangu alipimwa naye, akaambiwa sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ni 6.4, na uzito wake ni kilo 84. Yapasa kufahamu kuwa kipimo hicho kikifika 7.0 huhesabiwa kuwa ni ugonjwa, na kikizidi 6.0 kisifike 7.0 huwa ni onyo. Akaambiwa pia maneno ya kutia moyo. Mwaka 2002 huko Marekani yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali kama yake. Wale waliofundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa juma, wakikusudia kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, walipungukiwa na hatari ya kuugua kwa asilimia 58 kuliko wale walioachwa bila ya mafundisho hayo. Asilimia 7 ya kilo 84 si nyingi. Haifiki kilo sita. Akaniambia, "Ami, kilo sita ni ndoo ndogo ya maji. Kwa nini nisiitue?"

Alikuwa amejaribu kwanza njia ya wengi, nayo ni kujinyima. Asubuhi hakula, mchana alikula tufaha, na usiku aliporudi alikuta wali wa nazi akaula wote. Jambo hili halishangazi. Njaa ya kutwa hulipa kisasi usiku, hasa kwa mtu aliyechoka na asiyelala vya kutosha, kwani uchache wa usingizi wenyewe huongeza hamu ya kula. Ndipo mtaalamu wa lishe wa kliniki alipomwambia aache kutafuta namna ya kula kidogo, atafute namna ya kushiba.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze neno kalori. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo chakulani, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Mwanamke mzima afanyaye kazi ya kukaa kitini aghalabu hutosheka na kalori baina ya 1,600 na 2,000 kwa siku. Sasa, gramu moja ya unga au sukari ina kalori 4, na gramu moja ya nyama tupu isiyo na mafuta wala maji ni hivyo hivyo. Lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Maji hayana hata moja. Na tumbo, ndugu zangu, halijui kuhesabu kalori. Lenyewe hujua wingi na uzito wa kilichoingia, hujua kama kilitafunwa, na hujua muda kilichokaa.

Mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, bibi mmoja aitwaye Susanna Holt pamoja na wenzake walifanya jaribio la kupendeza. Walichukua vyakula 38, kila kimoja wakakipima kiwe na kalori 240 sawasawa, wakawalisha watu, kisha kwa saa mbili wakawauliza mara kwa mara wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe wakaupa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Machungwa yalipata 202. Samaki alipata 225. Keki ya siagi waiitayo croissant ilipata 47 tu, chini ya vyote. Na kilichowashinda wote kilikuwa viazi vya kuchemsha, alama 323. Lakini viazi hivyo hivyo vilipokaangwa chipsi vilipata 116!

Kiazi ni kile kile, na shamba ni lile lile. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 87. Gramu 100 za chipsi zina kama 300. Karai limetoa maji na kutia mafuta. Mwenye kula sahani ya chipsi mayai pale Posta hali viazi peke yake. Hula viazi vilivyonyang'anywa kitu chenye kushibisha na kupewa kitu chenye kunenepesha. Nimesoma habari hii mara nyingi tangu mwanangu aniandikie, na kila nikiisoma naona kuwa nusu ya elimu ya jiko imo ndani yake. Kilichobaki ni kuitafutia wakati.

Siku ya Alhamisi nilifuatana naye mjini, kwa kuwa nilikuwa na haja ya vitabu vya madrasa. Tulipanda daladala mpaka Kimara, kisha basi la mwendokasi, ambalo lilianza kazi mwaka 2016. Watu walisimama wamebanana kama tende katika kikapu: Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, bonde la Jangwani ambalo mvua kubwa zikinyesha hufurika na kusimamisha mabasi, mpaka Fire. Katika mkoba wake mlikuwa na bakuli lenye kifuniko, na ndani yake mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja na chungwa, vyote vimetayarishwa tangu usiku. Alivila ofisini kwa chai ya tangawizi na mdalasini isiyotiwa sukari. Zamani alikuwa akinywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu kalori 200, ambazo hazikumtoa njaa hata dakika moja. Aliniambia kuwa sukari aliiacha kwa majuma matatu, akipunguza nusu kijiko baada ya nusu kijiko, na kwamba jambo hili lilimtaabisha kuliko yote.

Mimi niliteremka Fire nikaenda kwa miguu Kariakoo. Jina hili latokana na maneno ya Kiingereza ya jeshi la wapagazi, ambao Waingereza waliwaweka hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nilipokuwa nikipenya katikati ya mikokoteni nilifikiri juu ya wapagazi wale, na juu ya babu zetu wa Tanga waliokata mkonge. Vyakula tuvipendavyo na vipimo vya sahani zetu tumevirithi kwa watu waliotembea na kubeba kutwa. Mwili uliobeba mzigo kutoka alfajiri ulikuwa na haki ya mlima wa ugali. Sisi tumerithi ule mlima, tukauacha mzigo. Wala simsemi mchukuzi wa Kariakoo wa leo. Huyo chapati zake tatu na zimfae, kwani saa mbili baadaye amekwisha kuzimaliza kwa jasho. Nasema na akaa kitini.

Mchana tulikutana kwa mama ntilie nyuma ya ofisi yao. Wako watu wadhanio kuwa mtu mwenye kuangalia mwili wake hawezi kula kwa mama ntilie, lazima ale mahali ghali penye majani katika sahani ya kioo. Si kweli. Mama ntilie ana maharage, ana mchicha, ana samaki wa mchuzi, ana kachumbari. Ila yataka ujue kuagiza. Mwanangu alisema, "Dada, nipe wali nusu, maharage, mboga mara mbili, na kipande cha samaki, mafuta ya juu usinitilie." Yule mama akacheka. "Huyu kila siku nusu wali, mboga mbili, bei ile ile!" Nami nilikula vivyo hivyo, nikasimama nimeshiba. Soda hakuigusa, chupa moja ya kiasi cha mililita 350 ina kalori kama 140, nayo hupita tumboni kama mgeni asiyevua viatu. Akanywa maji.

Lakini wakati wa hatari kwa mfanyakazi ni saa kumi na moja jioni, atokapo kazini na safari ya nyumbani ni ya saa moja na zaidi. Harufu ya mihogo ya kukaanga humwita kutoka kila kona. Mwanangu huweka mkobani tunda au tango kwa saa hiyo, na huteremka Kisutu asubuhi badala ya Kivukoni ili atembee, na jioni hurudi hivyo hivyo mpaka Kisutu. Dakika zake 150 za juma huzikusanya vituoni.

Jumamosi ndiyo siku niliyoipenda. Tuliondoka mapema kwenda Soko la Samaki la Feri, lililoko penye mdomo wa bandari, karibu na kivuko cha Kigamboni. Toka kituo cha mwendokasi cha Kivukoni ni hatua chache tu, na pua humwongoza asiyejua njia. Pale hukuta ngarawa na majahazi yamefunga, na samaki wamemwagwa sakafuni kwa mafungu, na dalali anapaza sauti ya mnada kwa kasi ambayo mtu mgeni haambulii neno. Changu, kolekole, nguru, tasi, pono, vibua, jodari, pweza, wote wako. Upande mwingine wako vijana wa kupaa samaki, visu vyao havitulii, magamba yanaruka kama mvua ya fedha. Na upande wa tatu ziko karai kubwa za mafuta juu ya kuni, wakaangaji wamesimama mbele ya moto tangu alfajiri. Kazi yao ni ya halali na ngumu sana, nami nawaheshimu. Lakini tulipita pale bila ya kununua.

Alinunua vibua kilo mbili, kwa kuwa ni rahisi kuliko nguru na kolekole, na changu wawili wakubwa kwa ajili ya supu. Akawapa vijana wakawapaa na kuwapasua, akatia samaki katika ndoo yenye barafu na kifuniko kikali. Mtu mmoja ndani ya basi alinusa nusa, akatutazama, akasema, "Leo mko vizuri." Hakika ndoo haifichi kila kitu.

Tulipofika nyumbani saa nne ilianza kazi, nayo ilichukua saa mbili na nusu. Nilikaa kibarazani nikiwasikiliza watoto wakisoma juzuu zao, huku nikitazama mlangoni mwa jiko. Maharage kilo moja yalikuwa yameloweshwa tangu usiku wa Ijumaa. Yale maji akayamwaga, akatia mapya, akayapika katika sufuria ya presha mpaka yakalainika, bila ya mafuta. Wakati hayo yanaiva, akachemsha viazi vitamu na mayai. Nyanya nyingi, vitunguu maji, vitunguu saumu, karoti, pilipili hoho na tangawizi akavipika pamoja kwa vijiko viwili tu vya mafuta, alivyovipima kwa kijiko na si kwa kuinamisha chupa, mpaka vikawa rojo zito. Rojo hili ndilo ufunguo wa juma lake. Kila usiku chakula chochote kikitiwa upawa mmoja wa rojo huwa kimekwisha kuungwa.

Vilipopoa, alivigawa katika mabakuli yenye vifuniko. Vya siku tatu za kwanza viliwekwa ndani ya friji, na vya siku za mbele vikagandishwa. Samaki nao aliwafunga mafungu matano, kila fungu la usiku mmoja. Asubuhi huteremsha fungu la siku hiyo kutoka penye barafu hadi chini ya friji, na akirejea amekwisha kuyeyuka. Chakula kilichopikwa hakikai nje zaidi ya saa mbili katika joto letu la pwani, na kikipashwa moto hupashwa mpaka kifoke. Mchicha huchambuliwa, ukafungwa kwa kitambaa kikavu bila ya kuoshwa, ukakaa siku mbili tatu. Kabichi iliyokatwa hudumu zaidi.

Asiye na friji asikate tamaa. Dagaa wakavu hawana haja ya barafu, choroko huiva upesi bila ya kuloweshwa usiku kucha, na yai hukaa katika ganda lake. Nimeyaona haya nyumbani kwangu Tanga, ambako friji iliharibika zamani na hatujafa njaa.

Sasa tazama chakula cha usiku wa kazi. Anaingia saa moja na nusu. Mtoto wa miaka kumi na miwili amekwisha kubandika maji na kuswali. Samaki, rojo, maji mengi, ndimu na pilipili hutiwa sufuriani. Robo saa imekuwa supu. Mchicha hukaushwa kwa maji yake wenyewe na kitunguu. Ugali wa dona husongwa. Dakika ishirini na tano, na mkeka umetandikwa. Kwanza hunywewa supu polepole, kila mtu bakuli lake, huku watoto wakisimulia habari za shule. Kwa maana shibe haifiki kichwani papo hapo, huchukua kama dakika ishirini, na mwenye kula mbio huipita njiani. Kisha huja samaki, mboga nyingi, na ugali wa kiasi cha ngumi kwa mama. Siku nyingine huwa maharage mahali pa samaki.

Nasema "kwa mama," kwani watoto hawapimiwi hivyo. Mtoto akuaye na kuruka kutwa ahitaji nguvu, wala haifai kumwingiza katika hesabu za watu wazima. Chungu ni kimoja, sahani ni mbalimbali. Wale watoto huongezewa ugali, parachichi, karanga, na maziwa. Hali kadhalika mja mzito, mwenye kunyonyesha, na mgonjwa wa sukari aliyekwisha kuanza dawa wasipunguze chakula kwa kusoma makala. Wamwulize daktari kwanza, kwa kuwa dawa na njaa zikikutana huweza kumwangusha mtu.

Najua msomaji wa Tanga au wa Pemba ataniuliza, "Na nazi je?" Naam, hili ni swali zito. Mimi mwenyewe sikulelewa kwa maji ya chumvi. Kasimele, lile tui zito la kwanza, gramu 100 zake zina kalori zaidi ya 200, na mpishi hodari wa kwetu hatii gramu 100 peke yake. Mwanangu hakuifukuza nazi nyumbani. Ijumaa hupika wali wa nazi au samaki wa kupaka kwa kasimele, chakula kamili chenye heshima yake, watu wakakifurahia. Siku nyingine akihitaji tui hutumia lile jepesi. Naona amefanya vyema kuliko wale watupao desturi yote kwa siku moja, kisha wakairudia yote kwa siku moja.

Jumapili jirani alileta sinia la biriani, kwa kuwa walikuwa na shughuli. Kumrudishia jirani chakula chake ni utovu wa adabu, na kukiacha kiharibike ni israfu. Mwanangu alipasha supu iliyobaki, tukanywa sote, kisha akala biriani sahani ndogo kwa raha kabisa, na nyingine ikagawiwa watoto na mlinzi wa nyumba ya pili. Jioni hakujitesa kwa kufidia. Alikula kama kawaida.

Kanuni hizo hizo ndizo azitumiazo katika futari ya Ramadhani, ambapo nyumba nyingi hufunga mchana na kunenepa usiku. Tende na maji, supu, swala ya Magharibi, kisha chakula. Magimbi na mihogo hupikwa kwa tui jepesi. Sambusa na kachori huwa ni za kuonja, si za kujazia tumbo. Na daku yake ni maharage na viazi vitamu, kwa kuwa alipojaribu mkate na chai ya sukari njaa ilimkuta saa tatu asubuhi, na alipokula maharage ilichelewa mpaka alasiri.

Gharama? Nilimwuliza, maana mwalimu wa madrasa hawezi kutouliza. Akanionyesha daftari, kwani ni mtu wa hesabu. Kilichopungua ni mafuta, sukari, soda, na chipsi za njiani. Kilichoongezeka ni samaki, matunda na mboga. Hesabu za mwezi zilikuwa karibu sawa, zimepungua kidogo. Kilichoongezeka kwa hakika ni zile saa mbili na nusu za Jumamosi. Zamani zilikuwa saa za kulala. Asema huzilipa usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi, kwa kulala saa nne badala ya saa sita.

Jumatatu asubuhi, kabla sijapanda basi la kurudi, nilimsindikiza kliniki. Alikuwa hakula kitu tangu usiku. Tulikaa katika benchi pamoja na watu wengi, wengine wamefungwa bandeji miguuni, naye alikuwa akiitazama ile miguu kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Alipoitwa aliingia peke yake. Alipotoka alinipa karatasi niisome: sukari 5.8, uzito kilo 79.

Nikamwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu."

"Bado kilo moja, ami," akasema. Akafungua bakuli lake pale pale kwenye benchi, akala yai moja na kiazi, akafuta mikono, akatazama saa. Alikuwa amechelewa kazini. Akaniaga kwa heshima, akaniachia chungwa la njiani, akakimbilia daladala la Kimara.